Sifuri ya Kijani kwenye Ndoo

Keki ikitoka kwenye oveni huwa imevimba katikati, na keki iliyovimba haipambiki. Krimu huteleza, na keki ya pili ukiipandisha juu yake hukaa upande. Kwa hiyo dada yangu huiacha ipoe, anainama mpaka jicho lake liwe sawa na ukingo wa chombo, kisha anapitisha kisu kirefu chenye meno na kuitoa ile sehemu ya juu nzima, duara, ya kahawia, na ukoko wake. Yeye huiita kofia. Waokaji wengine wanaiitaje sijui, na sina mpango wa kuuliza.

Kofia hazikuuzwa. Kofia zilikuwa za shemeji.

Shemeji yangu ni fundi bomba, na mtaa mzima unamwita Fundi, dada naye humwita hivyo hivyo. Walionana katika kiwanda kidogo cha mikate alikokuwa ameajiriwa dada, siku sinki la kuoshea vyombo lilipoziba na maji machafu yakajaa sakafuni. Fundi alilala kifudifudi kwenye maji yale mpaka akalizibua, akatoka ananuka, na watu wote wakampisha njia huku wameziba pua. Dada ndiye pekee aliyemfuata na kofia ya keki kwenye karatasi. Fundi alikula yote amesimama, akasema tamu, na kesho yake akarudi kuangalia kama sinki linapitisha maji. Lilikuwa linapitisha. Akarudi na keshokutwa.

Basi wakaoana, dada akaacha kazi ya kuajiriwa, akageuza chumba cha nyuma cha nyumba yao kuwa sehemu ya kuokea, na tangu hapo kila asubuhi shemeji anakunywa chai kwa kofia ya keki kabla hajatoka. Si watu wa maneno mengi wale. Mimi ni fundi cherehani, naishi nyumba ya pili, na nina mdomo, hilo sikatai. Nikikaa nao ninasema peke yangu kama redio. Dada anaweka sahani, shemeji anakula, anasema tamu, anaondoka. Miaka na miaka sijawahi kumsikia akisema neno jingine juu ya mapishi ya dada. Hata ile siku dada alipotia chumvi mahali pa sukari, na mimi nikatema, shemeji alimeza na kusema tamu.

Aliugua akiwa kazini. Alikuwa juu ya paa la jengo, anafunga tangi la maji, kifua kikambana na mkono wa kushoto ukafa ganzi. Mtu mwingine angepiga kelele. Yeye alishuka ngazi polepole, akakaa kwenye kiti cha mlinzi, akamwambia mwenye jengo asifungulie maji kwa sababu kiungo kimoja hakijakazwa. Alipomaliza kusema hayo ndipo akaanguka.

Hospitali wakamuwahi. Daktari alimweleza kwamba mishipa inayolisha moyo imejaa mafuta kwa ndani, njia imekuwa nyembamba, akaongeza kwa furaha kwamba yeye kama fundi bomba ataelewa upesi. Daktari alipotoka, shemeji akatugeukia akasema bomba likiziba yeye hulikata na kuweka jipya, sasa huyu mwenzake mbona anampa vidonge. Tulicheka mpaka muuguzi akatufokea. Dada alicheka huku machozi yanamtoka, na nilijua si ya kicheko.

Akatangaza vita jikoni kwake. Vya kukaanga vikafukuzwa, ngozi ya kuku ikafukuzwa, chumvi ikahesabiwa kwa vidole, na mafuta ya kimiminika aliyoyachagua kwa makini yakawa yanatiwa kama dawa ya macho. Shemeji akaletewa mboga za kuchemsha na maharage yasiyo na kitu, akala, akasema tamu.

Hospitali walikuwa wamewaambia pia wajihadhari na mafuta ya transi, yale yanayopatikana hasa kwenye mafuta mgando ya viwandani, na wasome vifungashio. Dada si mtu wa kuambiwa mara mbili. Siku ileile alikwenda chumba cha nyuma, akaigeuza ile ndoo kubwa ya mafuta mgando ya kuokea, meupe na laini, yanayomfanya asifiwe kwamba krimu yake haiyeyuki hata jua likiwaka. Na pale mbele ya ndoo, ndani ya duara la kijani, palikuwa na mchoro wa moyo na maandishi manene: Transi 0. Chini yake: Hayana Lehemu, yaani ile kolesteroli. Alinivuta mkono nikaone. Nikaona. Alikuwa ameshusha pumzi mtu yule, uso umemrudia, akaniambia angalau kofia za Fundi hazina neno, maana angemnyang'anya na hizo angembakishia nini.

Miezi ikapita. Shemeji akapungua, suruali zake nikazipunguza kiuno mimi mwenyewe. Lakini kila akipimwa damu, ile lehemu mbaya ilikuwa palepale, na mara moja ikapanda. Daktari alikuna kichwa, akaongeza vidonge. Kifua kilianza tena kumbana akipanda ngazi, na tukaambiwa waziwazi kwamba hali isipobadilika moyo hautastahimili mara ya pili.

Hapo akaja wifi yake dada, yaani dada mkubwa wa shemeji, mwanamke mnene wa sauti, akakaa sebuleni na mkoba mapajani. Hakumtukana mtu. Alisema tu kwamba nduguye kabla hajaoa alikuwa anabeba mabomba ya chuma begani, na kwamba mwanamume hula kile anachopikiwa. Akaaga vizuri, akaondoka. Mimi nilitaka kumfuata mpaka nje nikamweleze kitu, dada akanishika gauni. Alikuwa ameuma midomo. Lile neno lilimwingia, na najua hivyo kwa sababu jioni ile aliosha sufuria moja mara tatu.

Akaanza kutafuta kosa. Kama nyumbani chakula ni kisafi, basi Fundi anakula nje. Asubuhi moja akamuuliza mbele yangu, amesimama na kisu cha keki mkononi, kama kuna mahali anapokula vitu vya kukaanga huko kwenye majengo.

Shemeji aliitazama sahani yake. Akasema, "Ni kweli. Chipsi. Nisamehe."

Weee, dada alichemka. Alimwambia yeye anajinyima chumvi pamoja naye, analala anasikiliza pumzi zake, kumbe mwenzake anakwenda kujiua kwa chipsi za barabarani. Na mimi sikukaa nyuma, nikamwongezea yangu, kwamba mtu mzima hovyo. Shemeji alisikiliza yote ameinamisha kichwa. Dada hakumsemesha siku kadhaa, ila kofia ya keki haikukosa kwenye sahani, ilikuwa inatua mezani kwa kishindo tu. Na shemeji aliimaliza kila mara.

Mwishowe dada akaamua kwenda kumshitaki kwa mtaalamu wa lishe wa pale hospitali, akanichukua mimi kama shahidi. Tulimkuta msichana mmoja, mwenye miwani na sauti ya chini, chumba chake kidogo kina mizani na picha za matunda. Dada akafungua mfuko na kupanga mezani vifungashio vyote vya jikoni kwake, chupa ya mafuta, pakiti ya unga, pakiti ya maziwa, visafi kabisa, halafu akaeleza habari ya chipsi.

Yule mtaalamu alisoma kimoja kimoja, na alikuwa anasoma nyuma, pale penye maandishi ya sisimizi. Akasema chakula cha nyumba hii anakisifu. Chipsi ni mbaya, akasema, lakini mtu angepaswa kula nyingi kweli kwa matokeo kama haya. Akauliza asubuhi mgonjwa anakunywa chai na nini.

"Chai tu," dada akasema.

Nikamkodolea macho. Nikasema, "Chai na kofia."

Ilibidi nieleze kofia ni nini. Dada alinitazama kama nimemwaga siri ya nyumba, na akasema kwa hasira kidogo kwamba kofia si chakula, ni mabaki ya kazi. Na hapa msimcheke. Kwa dada yangu, jikoni na chumba cha nyuma ni nchi mbili. Unga wa kazi haupiki nyumbani, kijiko cha nyumbani hakikorogi keki, hata mtungi wa gesi ni mbalimbali. Ndivyo alivyofundishwa kule kiwandani, na ndivyo anavyoweka biashara yake isiingiliane na tumbo la familia. Kinachotoka chumba cha nyuma ni cha kazi, kwenye hesabu ya jikoni hakimo. Alikuwa amekusanya kila pakiti ya nyumba kwa uaminifu wote, na ndoo haikumpitia akilini hata kidogo. Isitoshe, ndoo alikwisha kuisoma, akaona sifuri.

Alikuwa na picha ya ndoo kwenye simu, kwa sababu humpelekea muuza duka picha anapoagiza, mbele na nyuma, asije akaletewa nyingine. Mtaalamu akaichukua simu. Ile sifuri ya kijani hakuitazama kabisa. Akaenda picha ya nyuma, akaikuza kwa vidole viwili mpaka maandishi yakajaa kioo, akatugeuzia.

Akatusomesha taratibu. Kwanza pale palipoandikwa kipimo cha mlo mmoja: kijiko kimoja cha chai. Akasema katika nchi ndoo hii ilikotengenezwa, kiwanda kinaruhusiwa kuandika sifuri ikiwa transi iliyomo kwenye kipimo hicho haifiki nusu gramu. Kwa hiyo sifuri ile si ya ndoo, ni ya kijiko, na hata kwenye kijiko si lazima iwe sifuri kweli. Mwenye kiwanda akitaka namba yake iwe ndogo, anapunguza kijiko. Kisha akashuka kwenye orodha ya viambato, akaweka ukucha chini ya maneno ya kwanza kabisa: mafuta ya mimea yaliyotiwa hidrojeni kwa sehemu.

"Ukiyaona maneno haya, usiangalie tena mbele," akasema. "Transi imo."

Akaeleza kwamba mafuta ya mbegu kwa asili ni maji maji. Kiwandani yanapulizwa hewa ya hidrojeni mpaka yanaganda, ndiyo maana krimu inasimama na keki inakaa wiki bila kuharibika. Yakigandishwa nusu njia, ndiyo yanayozaa transi, na transi hupandisha lehemu mbaya na kuishusha ile nzuri. Yakigandishwa mpaka mwisho, transi hubaki kidogo sana, ila hayo nayo ni mafuta mazito, si ya kujimiminia. Na yale maneno ya Hayana Lehemu, akasema, ni kweli tupu na hayakusaidii chochote, kwa kuwa mafuta ya mimea hayawi na lehemu tangu kuumbwa kwake. Hiyo lehemu inatengenezwa na mwili wa mgonjwa mwenyewe, ukichokozwa na transi. Mimi nilikuwa nimekaa nachemka. Tumepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na mchoro wa moyo juu! Nani duniani amewahi kula kijiko cha chai cha keki?

Dada hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliichukua simu, akazima kioo, akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo ni mimi."

Yule msichana, Mungu ambariki, hakumdanganya wala hakummaliza. Alisema kuna umri, kuna presha, kuna sigara za ujanani, kuna baba yake shemeji aliyekufa kwa moyo, na hakuna mtu anayeweza kusema ni ndoo. "Ninachoweza kusema ni kwamba kila asubuhi inaongeza kitu," akasema. "Na hiyo asubuhi unaweza kuiondoa kesho."

Tulirudi kwa miguu. Nilijaribu kusema hili na lile, dada akawa hanisikii. Aliniuliza jambo moja tu, kama nadhani wifi yake aliona mbali, nikamwambia wifi yake hajawahi kusoma hata pakiti ya majani ya chai.

Shemeji tulimkuta kibarazani na vyombo vyake vya kazi. Tangu augue alikuwa anafanya kazi nyepesi nyepesi, na siku asizoitwa alikuwa anafuta spana kwa kitambaa na kuzirudisha kwenye ndoo. Ndoo za kuwekea vyombo vyake zote ni za dada, zile zilizokwisha mafuta. Dada hakumsalimia. Aliinama, akaishika ndoo kwa mikono miwili na spana zikiwa ndani, akaizungusha mpaka nyuma yake ikamwelekea mumewe, akaweka kidole kwenye yale maandishi madogo.

Shemeji akatazama kidole. "Nimeshasoma," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri. Dada alikaa chini palepale sakafuni, na kitambaa chake cha kichwa kimemlegea.

"Lini?"

"Wiki ile nilipotoka hospitali. Nilikuwa sina kazi, nikawa nasoma kila kitu. Hospitali walinipa karatasi yenye maneno ya kutafuta. Nikayakuta hapo."

"Na ukaendelea kula."

"Ningeacha ungeniuliza kwa nini."

Alisema hivyo kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza kwa nini alifunga koki. Dada akauliza na zile chipsi. Shemeji akasema hakuna chipsi, hajala chipsi tangu augue, ila alimwona anavyohangaika kutafuta mwenye kosa, akaona bora kosa liwe lake. "Sikutaka ujue ni mkono wako," akasema. "Umenilisha vizuri miaka yote hii."

Nimemwona dada yangu akizika wazazi, sijawahi kumwona vile. Alisimama, akampiga mumewe begani kwa kiganja, si kwa nguvu, akampiga tena, akasema, "Mkono wangu ndio ungekuzika. Mimi ningekusitiri, nikarudi humu ndani, nikaja kukuta nimekuua kwa sahani, na wewe unajua, na wewe unasema tamu. Huo ndio wema wako?" Shemeji akanyoosha mkono kumshika, dada akaukataa. Mimi nikaondoka bila kuaga. Hata mimi nina mahali ninaponyamaza.

Kesho yake mafuta yaliyobaki yalitolewa chumba cha nyuma. Dada alitaka kuyamwaga kwenye sinki kwa hasira, shemeji akasimama mlangoni akasema hapo hapana, mgonjwa mmoja anatosha. Yakachimbiwa shimo. Dada akaanza kuokea mafuta ya maji na kuacha ile krimu ngumu, na wateja waliofika aliwaambia sababu, mlangoni, bila kuficha. Nilimsihi aseme tu amebadilisha mapishi, inatosha. Hakutaka. Mama mmoja aliyekuwa akichukua keki ya mtoto wake kila mwaka alimuuliza, kwa hiyo siku zote hizi? Dada akamjibu ndiyo. Yule mama hakurudi tena. Wengine walirudi, wakalalamika kwamba mapambo yanalegea kwenye joto, wakachukua hivyo hivyo. Kazi ilipungua, na dada akasema afadhali.

Lakini nyumbani kulikuwa kugumu kuliko hapo. Walikuwa wanapishana kama wapangaji. Asubuhi shemeji alikunywa chai na matunda, akasema tamu, na kila akilisema neno lile nilimwona dada anakaza shingo. Alishindwa kumwamini. Aliniambia siku moja, anachekecha unga, kwamba sasa hajui kitu chochote kuhusu mtu aliyelala naye umri wote; hajui anapenda nini, hajui kinamuuma nini, hajui kama hata ile kofia ya kwanza, ya siku ya sinki, aliipenda au alimwonea huruma.

Vipimo vilivyofuata vilishuka kidogo. Daktari akasema si haba, na kwamba kipande cha keki mara mojamoja hakitamdhuru, mradi kijulikane kina nini ndani. Dada akarudi akaoka moja kwa ajili yake peke yake, ya unga usiokobolewa, mafuta ya maji kidogo, sukari ya kubahatisha. Haikuvimba. Ilitoka bapa kama kitabu. Akakata kipande, akakiweka mbele ya shemeji, na safari hii hakurudi chumba cha nyuma. Alibaki amesimama, mikono ameifunga kwenye aproni. Mimi nilikuwa pale na kikombe changu.

Shemeji akauma, akatafuna, akatafuna tena, akameza.

"Tamu," akasema.

"Fundi," dada akasema. "Usinifanyie hivyo tena."

Shemeji akanitazama mimi, anaomba msaada. Nikatazama dari. Akauma kipande kingine, akakitafuna muda mrefu huku amekunja uso, mtu mzima mwenye mvi, unamwona kabisa anavyopigana na ulimi wake.

"Ni mbaya," akasema. "Inanata kwenye meno. Na haina ladha ya kitu chochote."

Dada alijifunika uso kwa aproni. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na shemeji akainuka nusu kwa hofu, akaanza kusema samahani. Dada akamzuia kwa mkono, uso bado umefunikwa. Kisha akafuta mashavu kwa aproni ileile, akavuta kiti, akakaa karibu naye kabisa, magoti yakagusana.

"Na nini kingine?" akamuuliza.

Shemeji alifikiri. Alianza na maharage.